Mungu Aliyeitwa Akija

Kilio kilianza ndani ya simu ya Mwalimu Kashindye, na mwanangu akanyamaza.

Hakunyamaza kama wanavyonyamaza watoto waliochoka, wakishusha sauti kidogo kidogo mpaka usingizi uwachukue. Alinyamaza ghafla, mdomo bado wazi, chozi limesimama shavuni kana kwamba limeambiwa lingoje. Kichwa chake, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kikijipigapiga kifuani kwangu, kikageuka taratibu kuelekea mezani, pale simu ilipolazwa katikati ya vipande vya chaki. Akawa anasikiliza. Kichanga hakisikilizi, mtasema, kinasikia tu. Hata mimi ningesema hivyo, kama nisingekuwa nimempakata nikauhisi mwili wake mzima ukitega sikio.

Ndani ya simu mtoto mwingine alikuwa analia. Alilia kwa mbali, nyuma ya mchakacho kama wa dagaa kwenye mafuta ya moto, na juu ya kilio chake sauti ya mwanamke ilikuwa inaita, inapumzika, inaita tena. Kilio hicho kilinaswa enzi za Mjerumani. Mtoto yule, kama aliwahi kukua, alishazeeka na kufa kabla mama yangu hajazaliwa.

"Ndiyo hiyo," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. "Sala kwa Akija."

Mjini kwetu Mwanza kila mtu alimjua Akija. Alikuwa amechorwa kwenye ukuta wa hoteli moja ya ufukweni, nusu mwanamke nusu samaki, nywele zimemwagika mpaka kiunoni, nywele ambazo hakuna mwanamke wa ziwa hili aliyewahi kuwa nazo bila kuzinunua. Mume wangu, Okeyo, anaendesha boti ya watalii, na kila siku akizima injini katikati ya mawe alikuwa anawaambia wageni kwa Kiingereza chake cha kukariri kwamba hapa chini ndipo anapokaa Akija, mungu wa kike wa maji, aletaye upepo na achukuaye watoto. Wageni wakayapiga picha maji.

Mimi nilikutana naye darasani. Niliacha shule kidato cha pili baba alipougua, na nilipoolewa nikamwambia Okeyo nitarudi kusoma hata kwa kutambaa. Darasa la jioni lilikuwa Mkolani, chumba cha kukodi nyuma ya duka la mabati na saruji, na Mwalimu Kashindye alikuwa ndiye historia, ndiye Kiswahili, ndiye uraia. Alitupa makaratasi ya dini za jadi za kandokando ya ziwa, na humo akawemo Akija. Mwalimu ni Msukuma mpenda maneno. Akatueleza kuwa jina hilo linajieleza lenyewe: akija, yaani siku atakapokuja. Mungu anayengojwa. Nililipenda hilo. Kwenye jaribio nikaliandika kwa mwandiko wangu bora, nikapata vema nyekundu.

Queen, mwenzangu wa dawati, yeye alimgeuza mungu kuwa utani wa darasa zima. Ukimwomba kalamu: "Akija nitakupa." Ukimuuliza kama amefanya kazi ya nyumbani: "Akija mwambieni nimeenda Buswelu kwa shangazi."

Habari zote za Akija zilitoka kwa mtu mmoja, msomi wa Kijerumani aliyeitwa Wendling, aliyepita ziwa hili na wapagazi, hema, na mashine yenye bomba kama tarumbeta, iliyokuwa inachora sauti za watu kwenye kopo la nta. Kabla ya kuja huku alikuwa ameandika sana juu ya Waarabu na Wahindi, na Mwalimu alisema alipotua kwetu hakubadilisha miwani. Kwake yeye, kutoka Uarabuni mpaka kwa Wajaluo wa Rorya kulikuwa ni Mashariki moja, nchi ya usingizi na mafumbo. Mwalimu alikuwa anaandika tasnifu yake ya shahada ya pili juu ya huyo Akija. Kuna sentensi ya Wendling aliyoitafsiri mwenyewe, akaipenda, akatuandikia ubaoni tuichambue: *Mtu wa Mashariki hana neno la kusema hajui; pale akili yake inapoishia, huweka mungu.*

Tulinakili. Nakumbuka nilivyoipigia mstari kwa rula, mgongo umenyooka, tumbo lenye mimba ya Princess, mwanangu, likigusa ukingo wa dawati.

Princess alizaliwa salama, mzito, nywele zimemshuka mpaka kwenye paji. Hatukuwa tumemaliza kupokea pongezi alipoanza kulia. Sisemi kilio cha njaa, wala cha nepi, wala cha baridi. Vilio hivyo mama yeyote anavijua kabla hajafumbua macho. Hiki kilikuwa kilio cha mtu anayegonga mlango. Analia, ananyamaza kidogo kama anayesikiliza iwapo kuna hatua ndani, halafu analia tena, kwa nguvu zaidi.

Hospitali walisema ni gesi. Tukapewa matone. Mara ya pili wakasema mtoto hana ugonjwa wowote, mama punguza wasiwasi. Lakini mtoto hawezi kulia na kunyonya kwa wakati mmoja, na kila tulipompeleka kliniki mshale wa mzani ulirudi nyuma. Mapaja yakalegea. Ngozi ya shingo ikawa kama nguo ya kuazima. Mimi, ambaye Okeyo hunitania kuwa nikiona wingu naanika nguo kwa matumaini, nikaanza kukwepa kumwangalia mwanangu wakati wa kumwogesha.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Rorya. Tunamwita Mama Akelo, kwa jina la wifi yangu mkubwa. Alifika na kapu la samaki wa kukausha na Biblia iliyofungwa kwa mpira, kwa kuwa ni muumini wa Kanisa la Mennonite tangu kuzaliwa, na kabla hajatua kapu akasimama mlangoni akasikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nyara." Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo. Hajawahi kuniita mkwe. "Huyu haumwi. Huyu anadai jina."

"Ana jina, mama. Princess."

"Princess ni jina la gauni."

Kwa Wajaluo wa zamani ni jambo la kawaida, na kwa wa sasa pia, ingawa hawalisemi mbele ya mchungaji. Marehemu anayetaka kukumbukwa hulia kwa mdomo wa mtoto. Wakubwa wanakaa, wanayaita majina ya wafu wao moja baada ya jingine, na likitajwa lenyewe mtoto hunyamaza. Basi. Amepatikana. Mama Akelo alianza jioni ile ile, na kesho yake, na keshokutwa yake, mtoto mapajani, miguu imenyooshwa mkekani. Akawaita wazee wa kwa Okeyo, na wake zao, na dada zao. Akaita waliokufa vitani na waliozama na nyavu zao. Mtoto alilia juu ya kila jina.

"Mama," Okeyo alisema kutoka mlangoni, "umebakiza ng'ombe tu."

"Na wewe ukifa usije kunisumbua," mama yake akamjibu, bila kugeuka.

Mwalimu Kashindye akanipigia simu wakati huo huo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume. Makumbusho fulani ya Ulaya yalikuwa yamemtumia nakala ya sauti za Wendling, zimetolewa kwenye nta zikaingizwa kwenye kompyuta, na kati ya hizo imo ile ya Kijaluo iliyoandikwa *Sala kwa Akija*. Hakuna aliyekuwa ameitafsiri.

"Kijaluo changu mimi kinaishia kwenye salamu," alisema. "Njoo, Sharon, unisaidie."

"Mwalimu, mimi nimekulia Mkuyuni. Kijaluo changu ni cha jikoni. Halafu mtoto analia."

"Njoo naye. Huu si mtihani."

Kwa hiyo nilikwenda, mchana, darasa likiwa tupu na viti vimepandishwa juu ya madawati, na kilio kikaanza ndani ya simu, na mwanangu akanyamaza.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia lugha nzito, ya madhabahuni. Nikasikia jikoni.

*In Atieno?* aliita yule mwanamke. Akangoja. Mtoto akalia. *Koso in Odoyo?* Akangoja. Mtoto akalia. *Koso in Nyangweso?*

"Anasemaje?" Mwalimu aliuliza, kalamu iko hewani.

"Anauliza. Anamuuliza mtoto. Wewe ni Atieno? Au ni Odoyo? Mwalimu, hii siyo sala. Anatafuta jina. Mama mkwe wangu yuko nyumbani anafanya hivi hivi."

Mle simuni sauti ya mwanamume, bila shaka Wendling mwenyewe, ikaingia, karibu mno, kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi. Kiswahili chake kilikuwa cha amri: "Nani wewe naita? Nani?" Mkalimani akamgeuzia mwanamke swali kwa Kijaluo. Mwanamke akajibu bila kuacha kubembeleza, kama unavyomjibu mtu anayekuuliza njia huku chungu kinafurika.

*Akia.*

"Hapo!" Mwalimu aligonga meza. "Umesikia? Akija!"

Mimi nikacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu nijifungue, na kilitoka vibaya, kwa puani.

"Mwalimu, amesema hajui."

"Hajui nini?"

"Akia. Ni sijui. Kwa Kijaluo, akia ni sijui. Ameulizwa anamwita nani. Jina halijapatikana, mtoto bado analia, atajibu nini? Anasema sijui."

Mwalimu aliirudisha nyuma. Akaisikiliza tena. Midomo yake ilikuwa inatembea. "J ya Kijerumani," alisema hatimaye, taratibu, "inasomwa kama Y yetu. Ameandika A-ki-ya. Ameandika alichosikia. Ni sisi tuliosoma Akija." Akavuta nakala ya kitabu cha Wendling, akapekua kwa haraka, kidole kikikimbia. "Aliwauliza nani analeta upepo. Akija. Aliwauliza nani anakaa chini ya maji. Akija. Nani huchukua watoto wanaozama..." Akakifunga. "Kila walipomwambia hawajui, akampandisha mungu cheo."

Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka. Aliangalia ubao, ingawa ile sentensi ilishafutwa zamani, pamebaki vumbi.

"Ameandika hatuna neno la kusema hatujui," alisema. "Nami nikawafundisha." Kisha, kwa sauti ya mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuubeba, "Haya. Tasnifu ndiyo kwanza inaanza. Iache sauti iishe."

Tukaiacha. Yule mwanamke akarudi kwenye majina yake, sauti sasa imechoka. *Koso in Aloo? Koso in...* Hapo nta ikaisha. Ilikatika mdomoni mwake, jina halijatoka, mtoto katikati ya pumzi. Darasa likawa kimya kiasi kwamba niliyasikia mabati ya dukani yakitanuka kwa jua.

Na ndani ya kimya hicho Princess akavuta pumzi, akaendelea. Sisemi akaanza. Akaendelea, kwa sauti ile ile, kuanzia pale mwenzake alipokatwa. Mwalimu Kashindye aliniangalia, akaangalia simu yake, akaitoa mezani akaiweka mfukoni, kama mtu anayefunika sufuria.

Nilimwomba anirushie ile sauti kwenye simu yangu. Mnisamehe, lakini mwanangu alikuwa anakwisha, na nilikuwa nimeona kitu kilichomnyamazisha. Nikifika nyumbani naiwasha, naiweka kando ya mto, Princess anageuza uso, anashika titi, ananyonya. Mtoto yule analia, wangu ananyonya. Ikiisha anaachia, naanza upya. Siku zikapita hivyo, na mshale wa mzani ukasimama, kisha ukasogea mbele kidogo. Ningepaswa kufurahi. Lakini jaribu wewe kumnyonyesha mwanao juu ya kilio cha mtoto mwingine ambaye hakuna mkono unaoweza kumfikia. Maziwa yalikuwa yananitoka pande zote mbili, kama ninanyonyesha wawili.

Okeyo alipoelezwa kuhusu akia alikaa chini akacheka na kupiga mapaja. "Kumbe kila siku nawaambia Wazungu wa watu kwamba hapa chini anakaa Sijui! Na si uongo, maana kweli sijui."

"Na wewe ni Mjaluo," nikamwambia. "Hukusikia?"

"Kwani wewe ulisikia?"

Neno lilikuwa limeandikwa, limepigwa mstari, limekuja na kitabu. Nani hutafuta neno la mama yake ndani ya kitabu cha Mjerumani?

Mama Akelo hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, na mkono wake ulisimama juu ya ungo tangu nilipotaja jina la kwanza la kwenye nta mpaka mwisho.

"Na walilipata?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Jina."

"Nta iliisha."

"Nta iliisha," alirudia. "Kwa hiyo walimwacha mtoto analia, wakafunga sanduku lao, wakaondoka naye."

"Ni sauti tu, mama."

Aliokota chuya moja, akaitupa mlangoni. "Na anayelia kwa mdomo wa mtoto, ana nini kingine zaidi ya sauti?"

Mchana mmoja umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na simu yangu imezimika. Princess alilala, nadra hiyo, nikatoka kufua. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, katikati ya mawe makubwa ya Mwanza ambayo hata likipita wingu hubaki yanapumua joto. Nilikuwa nasuuza nikasikia mwanamke anaita ndani. *In Atieno? Koso in Odoyo?* Mfuatano ule ule, mapumziko yale yale. Nikajua ni mama mkwe ameamua kujaribu tena, nikaendelea na shuka langu. Kisha nikainua macho nikamwona mama mkwe huyo, anapanda kutoka barabarani kati ya mawe, mfuko wa nyanya mkononi, anahema.

Nilikimbia, povu likinidondoka viwikoni. Ndani hapakuwa na mtu. Princess alikuwa chali juu ya mkeka, macho makavu, anaangalia mahali juu yake kidogo, pale ambapo ungekuwepo uso wa mtu aliyeinama. Nilipomwinua, upande wake mmoja ulikuwa wa moto na umelowa jasho, kama mtoto ambaye ndiyo kwanza ametolewa mikononi mwa mtu.

Yawezekana alilalia upande huo. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na siku za jua huwa naamini.

Mama Akelo aliingia, akaniangalia usoni, akaweka nyanya chini.

"Amekuja?" akauliza.

Neno lenyewe lilikuwa limenitisha, kwa sababu ndilo tulilofundishwa darasani: akija, siku atakapokuja.

"Basi leo tumalize," alisema. "Lete mtoto."

Alikaa, akanyoosha miguu. Alianza palepale nta ilipokatikia, *koso in*, na mara hii aliwaita wanawake tu: walioolewa wakafa bila mtoto kuitwa kwa jina lao, waliorudishwa kwao, waliokuja na njaa kutoka ng'ambo ya ziwa wakazikwa pembeni. Majina mengine aliyatafuta akiwa amefumba macho. Princess aliamka kweli kweli akaanza kulia, kilio kikapanda, kikajaa chumba, na mama mkwe akaendelea kuita juu yake mpaka sauti ikamkauka.

"Kwetu nimemaliza," alisema. "Kwenu je? Mama yako alikuwa nani?"

"Roseline, mama. Alikufa nikiwa darasa la pili."

"Jina la kuzaliwa. La Kijaluo."

Nilifikiri. Nyumbani aliitwa Mama Sharon. Dukani aliitwa Mama Sharon. Kwenye msalaba baba aliandika Roseline.

"Na aliyemzaa? Bibi yako?"

Nilifungua mdomo. Nilijua alitoka visiwani. Nilijua alikuwa na pengo mbele, kwa sababu mama aliwahi kucheka akilielezea. Nilijua na mimi ninalo pengo hilo hilo, na kwamba Princess atakuwa nalo. Nilichimba zaidi, chini, huko ambako jina la mwanamke huyo lilipaswa kuwa, na kulikuwa na maji tu.

"Akia," nikasema.

Sikukusudia. Miaka yote nilikuwa namjibu mama mkwe kwa Kiswahili. Neno lilitoka lenyewe, na lilitoka na machozi.

Mtoto akanyamaza.

Tulingoja, maana tulizoea pumzi ile ya kusikiliza kabla ya kilio kingine. Hakikuja. Princess aliangalia dari, kisha mimi, kisha akaanza kutafuta titi kwa mdomo kama mtoto yeyote mwenye njaa. Alinyonya mpaka akalala. Simu ilikuwa imezimika juu ya kabati.

"Hilo si jina," mama mkwe alinong'ona. "Hawezi kuitwa Sijui."

"Hapana, mama."

"Atachekwa."

"Ndiyo, mama."

Alipoamka tulijaribu. Princess, tukasema, na uso ukaanza kujikunja. Akia, tukasema, na ukakunjuka. Jioni Okeyo akarudi, akajaribu kwa mzaha, akajaribu tena bila mzaha, akaenda kukaa nje.

Mama Akelo ndiye aliyekubali kwanza. Alikuwa anakata zile nyanya. "Wafu wenye majina wana mlango wa kugonga," alisema, kama anayeziambia nyanya. "Asiye na jina agonge wapi? Mwacheni mtoto." Kisha akaniambia nipunguze moto.

Akaandikishwa Akia. Kanisani walisema ni jina zuri, la ziwa. Okeyo alikwenda kwa mwenye boti akamwambia habari za Akija si kweli, naye mwenye boti akamwambia watalii hawapandi boti kwenda kuangalia sijui. Okeyo sasa akizima injini pale kwenye mawe huwaambia wageni, "Waliulizwa nani anakaa hapa chini, wakasema hawajui." Anasema watu hukaa kimya muda mrefu kuliko zamani, na hawapigi picha.

Ile sauti niliifuta. Mwalimu Kashindye anayo, ndiyo kazi yake, na tasnifu aliimaliza. Aliwahi kunipigia, nikiwa najiandaa na mtihani wangu wa kidato cha nne, nikadhani ni mambo ya mtihani. "Sharon," alisema, "yule mtoto wa kwenye nta. Pale mwisho kabisa, baada ya *koso in*. Alikuwa analia, si ndiyo?" Nikasema alikuwa analia. "Sasa hapo simsikii tena. Labda ni spika zangu mpya," alisema.

Sasa Akia anasoma chekechea hapa Mkolani. Siku ya kwanza Mwalimu Modesta alikuwa amebandika majina ya watoto juu ya misumari ya mabegi, ameyaandika kwa kalamu ya rangi, na wa kwangu ameandikwa AKIJA. Kwa mtu wa Mwanza ndivyo linavyoandikwa. Nililamba kidole, nikaisugua J mpaka ikabaki doa. Mpishi wa shule, Mjaluo, alikuwa anapita na ndoo ya uji. Akamwinamia mwanangu: "Unaitwa nani, mrembo?" Akajibiwa. Akacheka mpaka uji ukatikisika. "Ee! Hujui jina lako?"

"Nalijua," Akia alisema, na lile pengo likaonekana.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naosha vyombo nje. Alikuwa amekaa kivulini nyuma ya jiwe, miguu ameinyoosha, mdoli wa kitambaa mapajani. Anaita, anangoja, anaita. Sauti ilikuwa ya chini, nikadhani anaimba nyimbo za shule. Kisha nikasikia. *Koso in Nyangweso? Koso in Aloo?* Sijawahi kumfundisha. Bibi yake yuko Rorya.

Nilisogea, mikono inadondosha maji.

"Akia," nikasema, "unamwita nani?"

Mara tu nilipouliza nililisikia swali hilo kwa sauti nyingine, iliyo karibu mno, kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi.

Mwanangu hakuacha kumbembeleza mdoli. "Sijui, mama," alisema. "Bado."

Sikuuliza tena. Nilijipangusa mikono, nikakaa chini kando yake juu ya jiwe la moto, nikasubiri amalize.